Kabla Hujauza Chupa ya Mafuta ya Karafuu, Jua Unauza Nini

Leo tuongelee vile vichupa vidogo vya mafuta ya harufu: karafuu, mkaratusi, mchaichai, mdalasini, rozimari. Ukipita sokoni hapa Kawe, ukaenda Mwenge au ukashuka Tegeta, unavikuta kwenye meza za vipodozi kibao. Mtaji wake hautishi na mzigo wake ni mwepesi. Chupa hamsini unaweka kwenye mkoba wa kawaida, unapanda daladala, hakuna anayekudai nauli ya mzigo. Ndiyo maana watu wanaikimbilia, hasa sisi akina mama.

Nauza mafuta haya Kawe na nimeona wengi wakiingia kwa kishindo na kutoka kimya kimya. Wateja wapo. Tatizo ni kwamba aliyenunua mara ya kwanza harudi. Alipaka akawashwa, au aliweka chumbani harufu ikaisha baada ya dakika kumi, au alikuta doa la mafuta ya kula kwenye shuka.

Nyanya mteja anaibonyeza. Kitenge anakikunjua na kukipeleka kwenye mwanga. Chupa ya mafuta ataishika tu, atainusa, kisha atakuuliza, "Hii ni original?" Hapo ananunua neno lako. Kwa hiyo lazima ujue unachouza kabla yake yeye.

1. Mafuta ya aina tatu, jina moja

Mtu akisema "mafuta ya karafuu" anaweza kuwa anamaanisha vitu vitatu tofauti kabisa.

Cha kwanza ni mafuta ya mvuke. Mmea unawekwa kwenye pipa, mvuke wa maji moto unapita katikati yake na kubeba mafuta yaliyomo, halafu mvuke unapozwa na mafuta yanajitenga na maji. Haya ndiyo makali, ndiyo yanauzwa kwa matone. Kwenye lebo za Kizungu yanaandikwa "essential oil".

Cha pili ni mafuta ya kuloweka. Unachukua mafuta ya nazi, ya ufuta au ya mzaituni, unaloweka karafuu kavu au majani makavu, unaacha wiki kadhaa, unachuja. Ni bidhaa halali na nzuri kwa ngozi na nywele, mtu anaweza kuitengeneza nyumbani. Ila ni nyepesi sana ukilinganisha na ya kwanza, na bei yake haiwezi kuwa sawa.

Cha tatu ni manukato ya maabara. Yanatengenezwa ili yanukie kama ua au tunda fulani. Yana kazi yake kwenye sabuni, mishumaa na marashi. Lebo zake huandikwa "fragrance oil" au "parfum". Si dhambi kuyauza. Dhambi ni kumwambia mteja yametoka kwenye ua.

Kuna na kundi la nne ambalo watu wanalichanganya humo humo: nyonyo, habasoda, ubuyu, parachichi, mwarobaini. Haya yanakamuliwa kwenye mbegu au tunda, ni mafuta mazito ya kupaka, na mengi yake ndiyo unayatumia kuyapunguza makali yale ya mvuke.

Jifunze kusema sentensi moja kwa kila chupa: "Dada, haya ni ya mvuke, haya ni ya kuloweka, haya ni manukato tu." Sentensi hiyo peke yake inakutofautisha na meza tano za jirani.

2. Yanatoka wapi, na bei inasema nini

Kwa bahati nzuri, chimbo la karafuu liko karibu. Mikarafuu iliingia Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said ndiye aliyesukuma upandaji wake kwa nguvu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. Hadi leo shirika la ZSTC linanunua karafuu za wakulima, na lina kiwanda Wawi, Chake Chake, ambacho Wapemba wanakiita kiwanda cha makonyo.

Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Navyo vina mafuta. Hii ni habari muhimu kwako mfanyabiashara: mafuta ya karafuu yanaweza kutoka kwenye karafuu yenyewe, kwenye makonyo au kwenye majani. Yote ni halisi, ila ya karafuu yenyewe yana harufu laini zaidi na bei yake iko juu. Anayekuuzia jumla muulize: "Haya ni ya sehemu gani ya mti?" Akikosa jibu, huyo naye hajui anachouza.

Sasa tumia akili ya bei. Kilo moja ya karafuu kavu nzuri inatoa takriban mililita 150 za mafuta. Ni mmea mkarimu. Ndiyo maana mafuta halisi ya karafuu yanaweza kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu. Mchaichai uko tofauti: kilo 100 za majani mabichi mara nyingi hazifikishi hata nusu lita. Na waridi ndiyo usiseme, kilo moja ya mafuta inakula zaidi ya tani tatu za maua. Kwa hiyo mtu akikuletea "mafuta halisi ya waridi", mililita 10 kwa shilingi 2,000, usigombane naye, biashara haigombi. Jua tu kwamba hayo ni manukato, na ukiyanunua yauze kwa jina hilo.

3. Vipimo vya nyumbani kabla ya kulipa

Sina maabara, na wewe huna. Tuna karatasi, glasi ya maji na pua.

Karatasi: Dondosha tone moja la mafuta unayopima kwenye karatasi nyeupe, pembeni dondosha tone la mafuta ya kula. Ziache mpaka kesho. Mafuta ya mvuke yanaruka hewani. Yanaweza kuacha rangi kidogo, hasa karafuu, lakini karatasi haibaki na lile doa la kung'aa kama karatasi ya maandazi. Doa likibaki, yamechakachuliwa na mafuta mazito, au ni ya kuloweka.

Maji: Hiki kinafaa sana kwa karafuu. Mafuta halisi ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama. Dondosha matone mawili kwenye glasi, tone likikaa juu lisukume chini kwa kijiti. Likishuka na kutulia chini, ni dalili njema. Likirudi juu kila ukilisukuma, kuna mafuta mengine humo. Mafuta ya mdalasini nayo huzama. Mkaratusi na mchaichai huelea, kwa hiyo usiwalaumu hao.

Pua: Dondosha tone kwenye kipande cha karatasi asubuhi, nusa, nusa tena mchana, kisha jioni. Mafuta ya mmea hubadilika kadiri yanavyoruka. Ukali unatangulia, baadaye inabaki harufu tulivu. Manukato mengi yanabaki vilevile kutwa nzima.

Chupa na lebo: Mafuta haya yanakula plastiki. Ukiletewa ndani ya chupa laini ya plastiki iliyobonyea au kulegea, achana nayo. Chupa sahihi ni ya kioo cheusi au cha kahawia. Lebo iwe na jina la kisayansi la mmea (karafuu ni Syzygium aromaticum, mchaichai ni Cymbopogon citratus), sehemu ya mmea, namba ya toleo na tarehe ya kuisha.

Niseme ukweli: vipimo hivi vinamkamata mchakachuaji mvivu. Mjanja anayechanganya kemikali ya uzito uleule atapita. Ndiyo maana unatafuta chimbo moja la kuaminika na kushikamana nalo, hata kama kuna mtu anakuja na punguzo la shilingi 3,000.

4. Mfundishe mteja kutumia

Ukimuuzia mtu chupa bila maelekezo, umemuuzia nusu ya bidhaa. Mimi ninayo karatasi ndogo niliyochapa stesheni, ninaiambatanisha na kila chupa. Ndani yake mna haya:

Ngozi. Usipake mafuta ya mvuke bila kuyachanganya. Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi ni kama mililita 30. Humo weka matone 6 tu ya mkaratusi, mchaichai au rozimari. Karafuu ni kali zaidi, matone 3 yanatosha. Mdalasini sishauri ngozini kabisa, unaunguza. Kwanza jaribu kidogo kwenye kiwiko kwa ndani, subiri siku nzima, ukiona salama endelea. Mafuta yaliyokamuliwa kwenye maganda ya ndimu au limau usipake ukatoka juani. Kwa jua letu hili utapata kuungua na madoa meusi.

Nyumba. Matone 3 hadi 5 kwenye kile kifaa cha umeme cha kutoa mvuke, dirisha likiwa wazi kidogo, nusu saa kisha zima. Kwenye ndoo ya kudekia, matone 10 ya mchaichai changanya kwanza na sabuni ya maji ndipo uweke kwenye ndoo, kwa sababu mafuta na maji hayapatani. Usidondoshe kwenye mkaa au karibu na moto wa gesi. Yanashika moto. Na kama ndani kuna mwenye pumu, muulize yeye kwanza.

Mbu. Mchaichai unapunguza mbu kwa muda mfupi, basi. Dar tumepitia mlipuko wa dengue mwaka 2014 na 2019, na malaria haijaondoka. Usimwambie mteja aweke chandarua pembeni. Chandarua chenye dawa kinabaki kitandani, maji yaliyotuama uani yanamwagwa, mchaichai ni nyongeza.

Jino. Karafuu ina kitu kinaitwa eujenoli kinachotia ganzi. Hata madaktari wa meno wanakitumia wakichanganya na unga wa zinki kuziba jino kwa muda. Tone moja kwenye nusu kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, chovya pamba, gusa jino, tema mate. Linatuliza maumivu ya usiku mmoja. Jino lililooza linabaki limeoza, kesho aende kwa daktari.

Kunywa. Hapana. Haijalishi nani kasema mtandaoni. Chai ya mchaichai ni majani; mafuta ya mchaichai ni kitu kingine.

Yakiingia jichoni au yakiunguza ngozi: maji peke yake yanayasambaza. Kwenye ngozi futa kwanza kwa mafuta ya kula, kisha osha kwa sabuni na maji mengi. Jicho lioshwe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda mrefu, kisha hospitali.

5. Mtoto mchanga si mteja wetu

Hapa ndipo biashara hii inapogusa roho ya mtu, naomba msome taratibu.

Msimu wa baridi uliopita, mwezi wa saba, alikuja dada mmoja na mtoto mgongoni. "Dada, nipe mafuta ya mkaratusi, mtoto ana mafua, nimpake kifuani na puani." Nikamuuliza umri. Miezi minne.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, haya sikuuzii kwa ajili ya huyo."

Akanuna. "Mbona wengine wanauza? Mama mkwe wangu ndiye aliyeniagiza."

Nikamweleza. Mkaratusi na kafuri kwa mtoto mdogo vinaweza kumbana pumzi, na vikiingia mwilini vinaweza kumletea degedege. Puani ndiyo mbaya zaidi. Karafuu nayo mtoto akiimeza, hata kidogo, inaweza kumharibu ini. Nikamwambia ampeleke kituo cha afya, maana mtoto wa miezi minne anayekoroma kifua hasubiriwi, na aendelee kumnyonyesha. Akaondoka bila kununua kitu. Sijui kama alikwenda meza nyingine. Siku ile nilikosa shilingi 5,000 na nililala usingizi wangu vizuri.

Tuweke sheria: chini ya miaka miwili, hakuna mafuta ya mvuke mwilini wala usoni. Mkaratusi kwa watoto wakubwa kidogo, bado usiweke karibu na pua. Mjamzito amuulize mtaalamu wa afya kliniki kwanza. Na chupa zikae juu, zimefungwa, mbali na soda na dawa za kikohozi. Mtoto akinywa, usimtapishe, usimpe maziwa kwa kubahatisha. Mkimbize hospitali na chupa mkononi ili daktari aone alichokunywa.

Mtu akikuuliza kwa nini unajinyima mauzo, mwambie hivi: faida ya chupa moja hainunui hata karatasi ya kufungulia faili hospitali, sembuse lile jina lako likishatajwa mtaani kwamba "yule mama wa Kawe ndiye alimuuzia".

6. Hesabu ya mzigo mdogo

Namba hizi ni za mfano, weka za kwako. Tuseme umenunua mililita 100 za karafuu kwa 40,000. Unajaza chupa za mililita 5. Kwenye karatasi utapata chupa 20. Mezani utapata 19, maana mengine yanabaki kwenye chupa kubwa na kwenye bomba. Chupa 19 za kioo kutoka Kariakoo kwa 700 ni 13,300. Lebo 19 kwa 200 ni 3,800. Nauli 4,000. Jumla 61,100. Kila chupa imekugharimu kama 3,216.

Moja ifanye ya kunusia; usimfungulie mteja chupa mpya kila mara. Ukiuza 18 kwa 5,000 unapata 90,000, faida 28,900. Si utajiri, ila ni mzigo unaotosha kwenye kiganja.

Sasa shetani atakunong'oneza: "Ongeza mafuta ya kula nusu kwa nusu, upate chupa 38." Kumbuka kile kipimo cha maji. Siku hizi mteja anaona video kwenye simu, anarudi na glasi mbele ya watu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na ukianza kutembeza bidhaa mbovu, utahama soko kila mwezi.

Kuhusu utunzaji: kibanda cha bati saa nane mchana ni tanuri. Usipange chupa zote juani ili zing'ae. Weka mbili tatu mezani, nyingine kwenye boksi chini, kivulini. Andika tarehe uliyofungua chupa kubwa. Mafuta ya limau na ndimu yanazeeka haraka, na yakizeeka yanawasha ngozi zaidi, kwa hiyo nunua kidogo kidogo.

7. Maneno ya kuandika na ya kuacha

Tangu Julai 2019, usajili na usimamizi wa vipodozi uko TBS. Ukianza kujaza chupa zako na kubandika jina lako, wewe si mchuuzi tena, ni mzalishaji. Pita SIDO kwanza, wanasaidia wajasiriamali wadogo kujipanga kabla ya kwenda TBS.

Ukiandika "inatibu", "inaponya" au "dawa ya", umehama kwenye vipodozi. Dawa ni mambo ya TMDA, na tiba za asili zina Baraza lake chini ya Wizara ya Afya. Andika unachoweza kukisimamia: "mafuta ya karafuu, makonyo, Pemba, kwa matumizi ya nje, changanya kabla ya kupaka, weka mbali na watoto." Mteja makini akisoma hayo anakuamini kuliko akisoma "hutibu magonjwa 40".

Kazi ya wiki hii: chukua kila chupa uliyonayo mezani, ifanyie kipimo cha karatasi usiku, asubuhi zipange makundi matatu, na andika kwa kalamu juu ya kila moja: mvuke, kuloweka, manukato. Zile usizozijua, piga simu kwa aliyekuuzia. Akishindwa kukujibu, anza kutafuta chimbo jipya kabla mzigo haujaisha.

Mtumie na mwenzako anayeuza. Soko ni letu sote, mmoja akiharibu, wateja wanatukimbia wote.